Kuweka I2P kwenye laptopu ya Linux bila kumaliza bando, kwa wadau wa Mtwara na Lindi

Wakuu habari zenu. Naandika hii kwa sababu maswali yanayokuja ni yaleyale, anauliza mtu wa Masasi leo kesho anauliza wa Nachingwea: "nimeweka I2P mbona haifungui kitu", "mbona bando limeisha usiku mmoja", "hivi hii ni VPN au". Ukifuatilia unakuta karibu yote yanatokana na mambo mawili tu, mtu hajaweka kikomo cha data kabla hajaiacha iwake, halafu mtu hana subira, anawasha dakika tatu anaona kimya, anafuta, anaweka upya, anarudia hivyohivyo mpaka anakata tamaa. Humu nitakaa sana kwenye hayo mawili, mengine tutapita harakaharaka.

Kwa kifupi kabisa, I2P ni mtandao ndani ya mtandao, ulianza 2003, na hauna seva kuu, kila anayeutumia mashine yake inakuwa ruta inayopitisha data za wenzake. Ujumbe wako unafungwa kama bahasha ndani ya bahasha, unapita kwenye mashine kadhaa za watu wengine, kwa kawaida tatu upande wako na tatu upande wa unayewasiliana naye, na kila mashine inafungua bahasha moja tu, inajua imepokea kwa nani na inampa nani basi. Anuani za humo zinaishia na .i2p na huwezi kuzifungua kwenye brauza ya kawaida. Sio VPN. Haijatengenezwa kukupeleka kwenye Facebook au YouTube, imetengenezwa kwa ajili ya tovuti, barua pepe, chati na mafaili yaliyomo humohumo ndani.

Na hili lishike kabla ya yote: I2P inaficha unachofanya, haifichi kwamba unaitumia. IP yako inaonekana na ruta nyingine unazoungana nazo, na mtoa huduma wako wa intaneti akitaka kuangalia anaweza kujua kuna I2P inatembea hapo, ila hawezi kusoma kilichomo. Upande wa sheria, TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, Oktoba 2023 walitangaza kwamba wanaotumia VPN wazisajili, mwisho ukawa tarehe 30 mwezi huohuo, na wakasimamia Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020. Nimesema I2P sio VPN, lakini zile kanuni zinagusa pia programu za kumfikisha mtu kwenye maudhui yaliyokatazwa, kwa hiyo zitafute uzisome mwenyewe, pamoja na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, usisubiri kusimuliwa na mtu wa kijiweni.

VITU VYA KUWA NAVYO

Laptopu au desktopu yenye Ubuntu au Linux Mint. Hizi ndo nitazielezea kwa sababu ndo nyingi huku kwetu, hasa zile laptopu za mtumba zinazonunuliwa msimu wa korosho. RAM ikiwa GB 4 kwenda juu tumia I2P yenyewe ya Java, ikiwa GB 2 au mashine imechoka, ruka mpaka chini nilipoandika habari za i2pd, ambayo ni I2P nyepesi.

Intaneti, hata hotspoti ya simu inatosha.

Firefox.

Paswedi ya sudo ya hiyo mashine (sudo ni neno linaloipa amri nguvu za msimamizi), na uwezo wa kufungua teminali na kupesti amri. Kupesti kwenye teminali ni Ctrl+Shift+V, sio Ctrl+V, hili nalo huulizwa sana.

Na muda. Chagua jioni ambayo mashine itakaa imewaka masaa mawili matatu bila kuzimwazimwa. Laptopu ambayo betri imekufa kabisa inazimika kila umeme ukicheza, na I2P haipendi hivyo, nitaeleza kwa nini.

HATUA YENYEWE

1. Rekebisha saa kwanza

Usiruke hapa. Ruta za I2P zinalinganisha muda, saa yako ikipishana na za wenzako kwa dakika moja tu tayari ni shida, ikipishana miaka ndo kabisa hata orodha ya mashine za kuanzia nazo hutaipata. Laptopu za mtumba nyingi kibetri kidogo cha kwenye bodi kimekufa, ukizima na kuchomoa chaja ikiwaka inakwambia uko mwaka wa zamani huko. Andika:

timedatectl

Angalia muda na ukanda. Kama sio sawa:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo timedatectl set-ntp true

Unganisha intaneti, subiri kidogo, andika tena timedatectl uone pameandikwa "System clock synchronized: yes". Kama mashine ina Windows na Linux pamoja na saa inaruka masaa matatu kila ukihama, shida ni kwamba Windows inahifadhi saa ya hapa kwetu wakati Linux inahifadhi saa ya UTC, sisi tuko mbele masaa matatu. Ukiiacha Linux ijirekebishe yenyewe kwenye intaneti kabla hujawasha I2P inatosha.

2. Weka programu

sudo apt-add-repository ppa:i2p-maintainers/i2p
sudo apt-get update
sudo apt-get install i2p

Java itakuja yenyewe, usihangaike kuitafuta pembeni. Hiyo ni kwa Ubuntu na Mint. Mwenye Debian asitumie hiyo PPA (ile hazina ya programu kwenye amri ya kwanza), maelezo yake yapo kwenye geti2p.net.

Hapa kuna ujanja kwa watu wa mbali. Kama mwenzako yuko Newala au Liwale na mtandao wake ni wa kusuasua, wewe wa mjini ambaye bado hujaweka I2P, baada ya zile amri mbili za kwanza andika:

sudo apt-get install --download-only i2p

Mafaili ya .deb yatakaa kwenye /var/cache/apt/archives, yakopi kwenye flashi, mpe mtu wa basi akupelekee. Mwenzako akiyapata anayaweka kwenye folda moja, anafungua teminali humohumo, anaandika sudo apt install ./*.deb na kazi imeisha. Sharti mashine zote mbili ziwe na toleo lilelile la Ubuntu au Mint, na kama yako ilikuwa na Java tayari ila ya kwake haina basi Java haitakuwemo kwenye flashi, ataikosa.

Onyo: usidaunlodi I2P kwenye matovuti ya ajabuajabu wala usipokee faili la kuanzishia kutoka kwa mtu usiyemjua kwenye Telegram. Programu ya faragha iliyochezewa ni mbaya kuliko kutokuwa nayo kabisa, maana mtu anajiachia akiamini yuko salama.

3. Iwashe

i2prouter start

Bila sudo. Narudia, bila sudo. Ukiiwasha kwa sudo mafaili yake yanakuwa ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, halafu siku ukiiwasha kawaida inagoma, na isitoshe programu inayoongea na mashine za watu usiowajua haitakiwi kuwa na nguvu za root. Mipangilio yako itakaa kwenye folda iliyofichwa inaitwa .i2p ndani ya folda yako ya nyumbani.

Brauza itafunguka yenyewe kwenye http://127.0.0.1:7657, huo ndo ukurasa wa kuendeshea kila kitu. Isipofunguka andika hiyo anuani mwenyewe. Mara ya kwanza itakupitisha kwenye maswali, lugha, rangi, halafu itataka kupima kasi ya intaneti yako. Kama unatumia bando ruka hicho kipimo, kinakula data na hatukihitaji, kikomo tutakiweka kwa mkono sasa hivi.

4. Weka kikomo cha data kabla hujafanya kitu kingine

Hapa ndo penyewe. Kumbuka mashine yako inapitisha data za watu wengine hata wewe ukiwa umelala. Fungua http://127.0.0.1:7657/config, kuna sehemu ya data inayoingia, inayotoka, na asilimia unayogawa. Namba za pale ni KBps, yaani kilobaiti kwa sekunde, zinaonekana ndogo na hapo ndo watu wanapigwa. Piga hesabu: KBps 10 mfululizo ni MB 36 kwa saa, ni MB 864 kwa siku nzima. Ukiiachia ipitishe KBps 60 na ikajaa, hiyo ni MB 216 kwa saa zinazotoka, na kila inachopitisha kwanza kimeingia, kwa hiyo zidisha mara mbili. Usiku wa masaa nane unakaribia GB 3.5. Kwa mtu wa bando la wiki hilo limeisha, na hakuna mtu aliyekuibia.

Ushauri wangu uko hivi. Kama una intaneti ya mwezi isiyo na kikomo, ofisini au nyumbani, gawa kwa moyo mweupe, weka hata asilimia 80, mtandao huu unaishi kwa watu kutoa, na trafiki ya wenzako ikipita kwako inasaidia hata ya kwako isijulikane. Kama unaishi kwa bando, weka inayoingia 100, inayotoka 30, na asilimia 30. Kuna siri hapo: 30 mara asilimia 30 ni KBps 9, na I2P haianzi kupitisha trafiki ya wengine mpaka kile unachogawa kifike KBps 12, kwa hiyo utatumia ya kwako tu pamoja na kidogo inachohitaji kujiendesha. Ukurasa utakulalamikia kwamba unagawa kidogo, acha ulalamike. Sio uchoyo, ni bajeti. Siku ukipata bando kubwa la usiku panda juu, ukiamka shusha.

Bonyeza kitufe cha kusevu. Wengi wanabadilisha namba halafu wanafunga tabo, hakuna kilichobadilika.

Ukitaka kujua kweli inakula kiasi gani usikisie, weka vnstat:

sudo apt install vnstat
vnstat -h

Inakuonyesha matumizi saa kwa saa. Pima siku ya kwanza, utalala kwa amani.

5. Subiri

Mara ya kwanza ruta yako haimjui mtu. Inachukua orodha ndogo ya kuanzia, halafu inaanza kutafuta wenzake na kujenga njia, wao wanaita tanel. Pembeni kushoto utaona idadi ya mashine zilizo hai, na chini kuna mstari wa "Shared Clients", hapo alama inatakiwa iwe ya kijani. Inaweza kuchukua dakika 10 hadi 15, kwa mtandao wa simu hata zaidi, na ikishakaa masaa kadhaa ndo inakuwa na kasi ya kueleweka kwa sababu imeshajifunza mashine zipi ziko imara. Ukiona "Rejecting tunnels: starting up" sio kosa, inakwambia ndo kwanza inaamka.

Ukizima na kuwasha kila baada ya dakika tano unairudisha nyuma kila mara, na unawakatia pia wenzako ambao data zao zilikuwa zinapita kwako, maana kila tanel inaishi dakika 10. Kwa hiyo hata kuzima kuna utaratibu wake, andika:

i2prouter graceful

Itasubiri tanel ziishe kama dakika 10 halafu inajizima. Kama umeme umekatika ghafla basi, ndo imetokea, haiharibiki, ila ukirudi ipe muda upya.

6. Tengeneza Firefox ya pembeni

Usitumie Firefox yako ya kila siku yenye barua pepe yako na Facebook yako imelogiwa. Andika about:profiles kwenye sehemu ya anuani, bonyeza "Create a New Profile", ipe jina, halafu "Launch profile in new browser". Kwenye hiyo mpya nenda Settings, shuka chini kabisa mpaka "Network Settings", chagua "Manual proxy configuration". Kwenye HTTP Proxy andika 127.0.0.1 na poti 4444, tiki ile ya kutumia hiyohiyo kwa HTTPS, na kwenye "No proxy for" andika 127.0.0.1, localhost. Halafu hakikisha "HTTPS-Only Mode" imezimwa, kwa sababu tovuti nyingi za .i2p zinatumia http na usiri unafanywa na I2P yenyewe. Mwisho andika about:config, tafuta media.peerConnection.enabled uiweke false, hiyo inazuia WebRTC, kile kipengele cha brauza cha kupigia simu na video, isitoboe IP yako.

Sasa jaribu:

http://i2p-projekt.i2p

Andika na http:// mwanzoni, usipoandika Firefox inadhani unatafuta neno inakupeleka kwenye injini ya kutafutia. Ikifunguka, hata kama imechukua nusu dakika, umemaliza. Kutoka hapo nenda http://notbob.i2p, ina orodha ya tovuti zipi ziko hewani na zipi zimelala, tovuti za humu zinalala sana kwa sababu nyingi ziko kwenye mashine za watu binafsi.

Kwenye ule ukurasa mkuu kuna I2PSnark ya torenti, ila inashirikiana na torenti za ndani ya I2P tu, usichukue torenti ya nje ukategemea ifanye kazi. Kuna SusiMail pia, akaunti unafungua http://hq.postman.i2p, unapata barua pepe ya ndani inayoweza hata kuwasiliana na nje. Torenti ndo mlaji mkubwa wa bando kuliko vyote, ukidaunlodi faili na ukaliacha linaendelea kugawiwa.

Usiingie benki wala huduma za pesa za simu kupitia hii brauza, na usiweke jina lako, picha yako, namba yako au stori za mtaani kwako. Mtu akiandika kwamba anakaa Shangani karibu na sehemu fulani na anafundisha shule fulani, hakuna programu duniani itakayomficha.

KWA MASHINE DHAIFU: i2pd

Hii ni I2P ileile iliyoandikwa kwa C++, haihitaji Java, nyepesi, na ipo tayari kwenye hazina ya Ubuntu na Debian:

sudo apt install i2pd
sudo nano /etc/i2pd/i2pd.conf

Tafuta mstari wa bandwidth, ondoa alama ya # mbele yake, uache L, hiyo ni KBps 32. Kwa mtu wa bando tafuta na notransit, ondoa # uweke true, haitapitisha trafiki ya wengine. Sevu kwa Ctrl+O, toka kwa Ctrl+X, halafu:

sudo systemctl enable i2pd
sudo systemctl restart i2pd

Ukurasa wake ni http://127.0.0.1:7070, ni wa kuangalia hali tu, hauna torenti wala barua pepe ndani. Firefox unaitengeneza vilevile, poti 4444. Usiwashe i2pd na I2P ya Java kwa pamoja, zote zinataka hiyo poti moja na mmoja atakosa.

IKIGOMA

Inasema "Firewalled". Kwenye mtandao wa simu hiyo ni kawaida kabisa, kampuni inawapa wateja wengi IP moja ya pamoja, huwezi kufungua poti na huna haja, inafanya kazi hivyohivyo. Mwenye ruta yake ya nyumbani ndo anaweza kuangalia namba ya poti kwenye http://127.0.0.1:7657/confignet, aifungulie kwenye ruta TCP na UDP, na kama amewasha ufw (kinga ya mtandao ya Ubuntu) aandike sudo ufw allow na hiyo namba.

Inasema "Clock skew". Rudi hatua ya 1.

Mashine hai ni sifuri hata baada ya nusu saa. Imeshindwa kupata orodha ya kuanzia. Hakikisha intaneti ipo kweli na bando halijaisha, angalia mwaka kwenye saa, halafu nenda http://127.0.0.1:7657/configreseed ubonyeze ijaribu tena. Ikigoma kabisa, rafiki unayemwamini ambaye yake inafanya kazi anaweza kutengeneza faili la kuanzia kwenye ukurasa huohuo, akupe kwa flashi, unalipakia hapohapo.

Firefox inasema proksi inakataa muunganisho. I2P haijawaka. Andika i2prouter status uone.

"Website Not Found in Addressbook". Ruta yako hailijui hilo jina, humu hakuna kitabu kimoja kikuu cha majina. Chini ya huo ujumbe kuna viungo vya kurukia, jaribu kimoja kimoja. Au omba anuani ndefu inayoishia .b32.i2p, hiyo haihitaji kitabu.

"Website Unreachable". Jina linajulikana ila mwenyewe hayuko hewani, au wewe bado hujakaa muda wa kutosha. Fungua nyingine mbili tatu kwanza, zikifunguka basi tatizo sio lako.

Baada ya kuhamisha modemu kutoka laini moja kwenda nyingine inakuwa kimya. IP imebadilika, ipe dakika kumi ijipange.

Bado inakula bando hata baada ya kuweka kikomo. Fungua I2PSnark usimamishe torenti zote, angalia vnstat tena, na kama bado, kwenye confignet kuna "Hidden mode", ukiichagua ruta haitangazi IP yako na haipitishi trafiki ya mtu. Itajiwasha upya, subiri kama mwanzo. Ukibaki umekwama nitumie picha ya huo upande wa kushoto wa ukurasa na toleo la Linux yako, sio "haifanyi kazi" peke yake, hapo naweza kukusaidia.